Shavu la Mguu wa Kushoto

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama mu wazima. Mimi ni mzima nusu. Shavu la mguu wa kushoto linacheza, wiki ya tatu sasa, kama kuna kitu chini ya ngozi kinatafuta mlango. Nasikia kuna ugonjwa unaoanza hivyo, kisha unakula misuli. Huku hotelini napiga pasi mashuka nimesimama kwa mguu mmoja, najipima nguvu. Msimamizi ameniuliza kama najifunza kuwa korongo.

Daktari amenigonga magoti, akasema misuli ya watu wengi hucheza, haina madhara. Nilimwamini mpaka mlangoni. Macho ya Mama hayasomi tena, basi msomee wewe, neno kwa neno. Nataka kusikia atasemaje.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na cherehani pia. Mama amesikia. Anasema upunguze chai.

Ila wewe una bahati na maradhi. Ulipougua surua ulilala kitandani kwa Mama. Mimi niliipata wiki hiyohiyo, nikatumwa kukuletea maji.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko? Sasa na mkono unacheza. Nimepima unene wa miguu yote miwili kwa futi: sawa kwa sawa. Nikapima tena baada ya kula.

Chai tu? Mama huyuhuyu ambaye nikikohoa anaamsha mtaa? Niambie kama nimemkosea.

Mdogo wako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Miezi miwili kimya. Silali, sili. Kama Mama amenichoka, aseme mwenyewe. Naacha kazi, narudi.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama. Usiache kazi.

Mambo ya chai niliyatunga mimi. Mama nilimsomea salamu, nikifika kwenye mguu naruka mpaka sahihi yako. Nilijua angevaa viatu palepale aje kwako. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: mimi nimelelewa kuwa mzima, nikawa mzima. Kope langu la kulia linacheza mwaka wa tano huu. Sijamwandikia mtu, maana wa kumwandikia analala chumba cha pili.

Jana nimemsomea barua zako zote. Akasema, "Mguu wa baba yenu ulicheza miaka thelathini, na alikuwa akinishinda kutembea. Mjinga yule mdogo wako, angeniuliza."

"Aliuliza, Mama."

Alinitazama. Nikamwambia na la kope. Akaweka kidole gumba juu yake, akakiacha hapo. Pasi ilikuwa juu ya gauni la harusi la mteja. Nilisikia harufu ya kuungua. Sikujisogeza.

Anakuja kwako Jumamosi, atakaa wiki mbili. Nisamehe. Ila ukimweka ya tatu, na mimi nitaumwa.

Dada yako