Chafya za Mume Wangu Huanzia Mlangoni Kwangu

Bibi Mshauri, asalaam aleikum, nakuandikia nimekaa jikoni peke yangu na naomba unisaidie kabla ndoa hii haijanitokea puani. Mume wangu, nimwite Suud, ni mtu mzima wa afya, lakini tangu tuhamie nyumba yetu mpya hapa Bawshar, Muscat, kila baridi inapokwisha, na tena joto linapovunjika, akifungua tu dirisha la chumbani asubuhi basi huanza kwenda chafya mpaka macho yanakuwa mekundu na maneno hayamtoki, yeye asema alhamdulillahi nami namjibu yarhamuka Llahu, mwanzo nilikuwa namjibu moja moja kwa mapenzi, siku hizi nasubiri zimalizike nimjibu kwa jumla.

Linaloniuma ni kuwa akenda kwa mama yake, mtaa wa Qurum, chafya hukatika palepale, na kule uwanja mzima ni vigae, hata nyasi hamna, mavyaa wangu asema majani huleta nyoka, basi Suud hurudi na pua kavu akaniambia, "Kwa mama napumua." Mavyaa keshatangaza kwa jamaa wote kuwa nyumba yangu imeingiwa na jicho, tena la mtu wa ndani, na humu ndani mbali na Suud tulikuwa mimi na paka, basi paka nikamtoa, nikampa dada yangu, na chafya zikabaki. Nikashika chetezo, nikaanza kufukiza udi na ubani asubuhi na magharibi, Suud akikohoa ananiomba nizime, mavyaa ananipigia simu, "Usizime, mwanangu, chafya ndiyo husuda yenyewe inatoka, zidisha," nami nna heshima zangu, nikazidisha. Kuna na vumbi la kimanjano kila siku juu ya gari ya Suud, mavyaa kalichota kwa kidole kalinusa, akasema, "Hiki kitu mmemwagiwa."

Na si kwamba hatukujikinga, Bibi. Siku tuliyohamia mavyaa mwenyewe alituletea pikapu nzima ya miche ya damas, ile miti ya kijani inayopandwa ukutani, tukaizungusha nyumba yote mpaka chini ya dirisha la chumbani ili wapitao wasitutie macho, naimwagilia kwa mkono wangu, imekua hata barabara siioni, na sasa imetoa vijiua vyake. Jirani yetu Mahfoudh kila akipita husimamisha gari kuisifu, "Mtaa mzima hakuna miti mfano wa hii," wala mashaallah ya kukinga jicho simsikii kuisema, nami kila akenda zake narudi ndani kufukiza.

Sasa Suud kauhamishia mto wake Qurum, asema mpaka apate nafuu, na nasikia binti wa shangazi yake, Wijdan, anakwenda kila alasiri kumchemshia tangawizi, na mavyaa kasema mbele ya watu kuwa Wijdan ana mguu wa kheri, nyumba aingiayo haina chafya. Nampenda mume wangu, Bibi, na naogopa. Nitafute mganga, au tuiuze nyumba?

Mwenye Chetezo, Bawshar

*

Mwenye Chetezo, pole. Kulala peke yako kwa ajili ya pua ya mtu mwingine si jambo dogo, na kicheko kilichonitoka nilipofika kwa paka naomba unisamehe.

Lakini mwanangu, una macho? Mumeo anafungua dirisha, chini ya dirisha pana mti, mti una maua, maua yana unga, unga uko juu ya gari, na wewe unamtafuta mchawi. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako umekizungushia ukutani na unakinywesha maji. Kisha aliyebanwa kifua unamfukizia moshi. Sisi watu wa Muscat tukisikia jangwa hudhani pua zetu zimesalimika. Jangwa halina kosa. Sisi ndio tuliojaza miti yenye kiu tupate kuficha majumba tuliyoyajenga ili yaonekane.

Mimi si tabibu, basi mpeleke Suud kwa daktari apimwe hasasiya, yaani mzio wa chavua, huo unga wa maua, na apewe dawa. Udi ufungie kabatini.

Daktari akithibitisha, usithubutu kumwambia mavyaa wako, "Miti yako ndiyo iliyomgonjwesha mwanao." Utakuwa umekata ndoa kabla hujakata mti. Nenda Qurum, mkalie adabu, mmiminie kahawa, kisha mweleze yale uliyonieleza mimi kuhusu Mahfoudh. Mwambie husimamisha gari. Mwambie anavyosifu, na kuwa mashaallah hujamsikia kuisema. Usiongeze neno, kwa kuwa hapo hujasema uongo wowote. Mama anayeogopa jicho kiasi hicho hataiacha miti inayosifiwa na jirani ikae dirishani kwa mwanawe. Atakuja mwenyewe na mtu wa msumeno, na akisema ameiokoa nyumba yako, mshukuru na umbusu mkono.

Kisha fua mapazia, osha madirisha, mrejeshe paka umwombe radhi, na mwite mumeo nyumbani.

Akirudi akalala na pua yake imetulia, umepata mume wako na umepoteza kivuli tu. Lakini ikiwa miti imekatwa, dawa anakunywa, pua kavu, na bado kila alasiri anakwenda Qurum kunywa tangawizi, basi hayo hayakuwa maradhi ya pua, wala hayana msumeno. Hayo muulize yeye, uso kwa uso, na mama yake asiwepo.