Chupa za Mama Hazikwenda Tupu

Sekei,
Arusha.
9 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Gadiel,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya huku, inayotufanya tugombanie jiko. Hujambo? Wifi Theresia na mtoto wanaendeleaje na joto la Mtwara? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini maneno yake hayajapungua.

Nianze na ng'ombe uliyemnunulia Mama. Mwezi wa tano aligoma kula, tumbo likamvimba, na mimba anayo. Daktari wa mifugo alimpasua akatoa bonge la vifuko vya plastiki. Vilitoka hapa hapa uani, kwenye lile lundo la Mama la chupa na vifuko, ambalo kila ukimgusia anasema vitafaa tu. Siku zile Mama naye aligoma kula. Niliogopa, Gadiel. Nilishindwa hata kukuandikia.

Mungu ni mwema, ng'ombe alipona. Na amezaa ndama jike!

Basi Mama mwenyewe akasema lundo liondoke. Huku chini wamefungua kituo cha kupokelea taka. Ukipeleka plastiki zinasagwa, zinakwenda kutengenezwa vitu vingine. Mama akaziosha chupa zote kwa majivu, akafunga viroba mwenyewe, hataki kusaidiwa. Tulipofika, Philemoni anayepokea mizigo akanyanyua kiroba cha kwanza, kikamshinda. Chupa zilikuwa zimejaa maziwa.

"Mama, hapa tunapokea chupa tupu," akasema.

"Baba, mimi siendi kwa watu na chombo kitupu. Kunyweni kwanza."

Walikunywa wote, hata waliokuja na taka zao. Mimi nilitafuta pa kuficha uso. Siku hizi kila Jumamosi wanamchungulia kwenye geti la kituo, vikombe mkononi, na mimi natembea naye kwa maringo.

Uani sasa ni peupe. Ndama anarukaruka pale pale palipokuwa na lundo. Mama amesema ni wa mwanao, ila haletwi Mtwara; mwenyewe aje amwone.

Shangazi Marta na mzee Aminieli wanawasalimu sana. Bwana awalinde, na njia ya kuja huku aifungue.

Mama anauliza lile dumu alilokufungia asali ulipoondoka. Anasema usije ukalipeleka kituo cha huko. Lirudishe mwenyewe, na kwetu unajua chombo hakirudi kitupu. Mpakatishe mjukuu wake tu. Dumu hata likiwa kavu, atakusamehe.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Ndeshi