Kontroli V ya Getruda

Ursula, uko?

Getruda kaniuza! Huyu huyu niliyemfundisha kompyuta kule Musoma kipindi cha ruksa, biashara zilipofunguliwa, alikuwaga anaogopa hata kushika mausi!

Leo kainuka kwenye kompyuta ya ofisi hapa Bunda, nikakaa kumalizia barua. Nikabonyeza kontroli na V, nibandike anwani niliyonakili asubuhi. Vidole vinajua vyenyewe. Unakumbuka tulimuuliza fundi kwa nini kompyuta mpya zinakuja na vitufe vile vile vya zamani? Akasema wakivibadilisha dunia nzima itaanza kujifunza upya, watu wataziacha dukani.

Basi badala ya anwani yangu yakatoka maneno aliyonakili yeye: "Bosi, dada Euphrasia amezeeka, kompyuta mpya haziwezi. Nafasi yake nipe mimi."

Haziwezi! Mimi!

Nikamwita, "Getruda, hii nini?"

Akapitisha mkono mbele yangu, akabonyeza kontroli na Z, maneno yakafutika.

Hata hiyo Z nilimfundisha mimi.