Goti Nililompa Bwana Koleo

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema gegedu la goti la kulia limelika. Limelika! Kama soli ya kiatu. Si la kupasuliwa, niende nikakandwe misuli. Mwanangu naye katoa hukumu yake: nisipopata nafuu, cherehani itashushwa sebuleni na chumba changu cha juu apewe mkewe, abandikie watu kucha. Nimeshona mle tangu sijawa mjane. Nishone kando ya televisheni? Afadhali wanizike.

Alhamisi, 6 Machi
Mkandaji ni kijana, vidole vigumu kama koleo. Bwana Koleo. Nyuma ya pazia bibi mmoja alikuwa anapiga yowe, anamwita mama yake. Mtu mzima! Zamu yangu ikafika. Mama, ni goti lipi? Mdomo ukajibu wenyewe: la kushoto.
La kushoto ni zima kabisa.

Alhamisi, 13 Machi
Raha tupu. Anakanda paja, anashuka hadi kigimbini, anazungusha dole gumba kando ya pia ya goti. Nilikaribia kusinzia. Kasema hajapata kuona goti linalopona haraka hivi. Kamwita mwenzake aje ashangae, naye kashangaa. Vyeti vyao vimejaa ukuta mzima.

Jumatano, 19 Machi
Goti lenyewe, la kulia, limevimba, nakaribia kulia. Mkamwana kanikuta nashuka ngazi kinyumenyume. Nikasema ni mazoezi ya kitaalamu. Naye kashuka hivyo hivyo, eti anasikia misuli inavutika. Akili nywele!

Jumamosi, 22 Machi
Mwanangu kamwalika Bwana Koleo nyumbani, kumshukuru. Kaja na simu, anirekodi nikipanda, awaonyeshe wagonjwa wengine. Wote wako chumbani kwangu, wananingoja. Mwanangu kasema nikifika bila kushika ukuta, suala la chumba limekwisha.
Nimepanda ngazi tatu, goti likagoma. Nimekaa. Nimewaambia nafunga kiatu, na hapa naandika ili niwe na shughuli. Naogopa.
Mkamwana kashuka. Kakaa chini yangu, kapandisha gauni langu kidogo, mkono moja kwa moja kwenye goti la kulia. Kaanza kukanda juu yake, pajani, polepole. Kanong'ona: Mama, ni hili siku zote, eh?
Na chumba anakitaka yeye. Inauma kweli, lakini namwacha akande.
Juu wanauliza kuna nini huko. Kanitazama. Anasubiri nijibu mimi.