Maelezo Kuhusu Kurasa za Kindi Kimya Zilizochanwa

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye jalada
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 36
Kazi: Mchoraji, studio ya katuni
Makazi: Nyumbani kwa mjomba wake, chumba cha uani
Tarehe na saa: Tarehe 14, Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu, sikuitwa. Naomba hilo liandikwe kwanza, maana hata jana nilikuja vilevile, nikaambiwa nikae kwenye benchi, nikakaa mpaka nikafa ganzi, na hakuna aliyeniuliza kitu. Afande ananiambia nijibu ninachoulizwa. Haya, najibu.

Mtuhumiwa mliyemweka ndani tangu juzi ni mjomba wangu, kaka yake mama. Studio nzima wanamwita Penseli. Ndiye aliyembuni Kindi Kimya, yule kindi wa kwenye televisheni. Afande anatabasamu, kwa hiyo anamjua. Kwa atakayesoma na hamjui: Kindi hasemi. Kila kipindi anajiingiza matatani, labda mkia umenasa mlangoni, halafu anageuka, anawatazama watoto na kusubiri. Kimya kabisa, sekunde tano nzima. Hapo watoto walioko nyumbani ndio wanaompigia kelele, panda, kimbia, omba msamaha. Kipindi kilianza nikiwa na miaka mitano. Nilikuwa nampigia kelele mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini.

Mwaka jana studio iliamua kumtolea Kindi vitabu vya katuni, mfululizo wa vitabu sita. Kazi ikakwama mahali pamoja tu: kitabu hakijui kusubiri. Mtoto anafunua ukurasa, anapita. Mjomba alihangaika na jambo hilo wiki tatu, hali chakula vizuri, salamu haitikii. Siku moja akatoka na jawabu. Kwenye kila ukurasa Kindi atageuka amtazame msomaji, na juu ya kichwa chake kutakuwa na kiputo cha maneno kilichoachwa kitupu. Mtoto achukue kalamu, aandike mwenyewe.

Mkurugenzi wa studio, tunamwita Bosi, hakupenda. Alisema, "Nani atanunua kitabu ambacho hakijamalizika?" Walibishana mbele ya wafanyakazi wote, tarehe 5 mwezi huu, kikao cha asubuhi. Mjomba alimwambia, "Ukimtia Kindi maneno mdomoni, umewafunga watoto wa watu midomo." Bosi akamwambia amezeeka. Ugomvi huo ulikuwepo, sikatai. Ndiyo maana zilipochanwa zile kurasa kila kidole kilimwelekea yeye.

Sasa siku ya tukio. Tarehe 12, Jumanne, saa saba na robo mchana, wenzangu walikuwa wametoka kula. Mjomba alikuwa chumba cha filamu, anaangalia vipindi vya zamani. Niliingia ofisini kwa Bosi kuchukua kurasa za kitabu cha kwanza, ishirini na nne, nizipeleke kwa fundi wa kompyuta. Mlango ulikuwa wazi na kurasa zilikuwa mezani.

Viputo vyote vilikuwa vimejazwa. Kwa kalamu nene nyeusi, ile isiyofutika, juu ya karatasi zenyewe, si nakala. Ukurasa wa tatu Kindi alikuwa anasema, "Hamjambo watoto! Leo tujifunze utii." Utii! Kindi huyuhuyu aliyeiba funguo za bustani ya wanyama! Mwandiko ulikuwa wa Bosi, ninaujua. Nilizisoma zote ishirini na nne nikiwa nimesimama, na nilisikia masikio yanawaka.

Afande ananiuliza nilifanya nini baada ya hapo. Nitafika, tusiharakishane.

Saa nane kasoro dakika kumi nilitoka kwenda duka la dawa kumchukulia mjomba dawa zake. Kulikuwa na foleni. Nilirudi saa tisa na nusu nikakuta watu wamesimama makundi makundi, hakuna anayenitazama usoni. Karani wa mapokezi ndiye aliyenisimulia. Bosi alikuta kurasa hazipo, akatafuta, akazikuta kwenye kapu lililo chini ya meza ya mjomba, zote zimechanwa vipande vinne vinne. Akaita polisi. Mjomba alipoulizwa aliinama, akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakitazama sana. Kisha akasema, "Ni mimi." Basi. Akavaa kofia yake, mkaondoka naye.

Nieleze hapa utaratibu wetu, maana bila huo hamtaelewa. Mjomba alituwekea sheria tangu enzi za kipindi: mchoro ukiharibika unachanwa vipande vinne, na anayeuchana ni yule aliyeuchora, hakuna mwingine. Hata Bosi mwenyewe hajawahi kuchana mchoro wa mtu. Miaka thelathini na moja mjomba hajagusa mchoro usio wa mkono wake. Mwanafunzi wake akiboronga, anamsukumia karatasi polepole na kumwambia, "Chana mwenyewe, mwanangu, ndiyo uchungu wake."

Jana, tarehe 13, saa nne asubuhi, askari wa zamu aliniruhusu kumpa chai dirishani. Mjomba alininong'oneza, "Nenda nyumbani. Ukifungua mdomo, umenimaliza." Nikamwambia, "Mjomba, kesho kutwa wanakupeleka mahakamani." Akasema, "Nitakwenda. Wewe nyamaza." Chai ilimwagika karibu yote kabla haijafika mdomoni.

Askari alikuwa ameacha jalada wazi pale kaunta. Niliona maelezo ya mjomba. Chini, pahali pa saini, kuna alama ya dole gumba, na pembeni mmeandika: "Mtuhumiwa hajui kusoma wala kuandika."

Nilicheka, afande. Nilicheka kwa hasira mpaka askari akaniuliza kama nina akili timamu. Mtu huyo ndiye aliyenifundisha herufi zangu za kwanza, nyuma ya michoro yake iliyobaki. Jina la kipindi linaloonekana kwenye televisheni, zile herufi zenye mikia, ni mwandiko wake. Na ninyi mmemwandika hajui kuandika, na yeye amekaa kimya akawaachia. Nimelala na sentensi hiyo usiku kucha. Ndiyo iliyonileta.

Andika sasa, afande, na uandike kama ninavyosema.

Mkono wa kulia wa mjomba umekufa nguvu, na unatetemeka. Una mwaka na zaidi. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Kikombe anakishika kwa mikono miwili na bado kinamshinda. Studio hawajui, kwa sababu mkataba wa vitabu unasema Kindi atachorwa na mkono wa Penseli mwenyewe, na siku mkono huo ukishindwa, Bosi yuko huru kumpa Kindi mchoraji yeyote amtakaye na kumfanya atakavyo. Kwa hiyo kwa miezi minane tulikuwa tunafika studio saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watu. Tunafunga mlango. Yeye anakaa kwenye kiti, anafumba macho, anasema. "Mkia juu kidogo. Zaidi. Hilo sikio limelala, ana aibu huyo. Hapo. Usimguse tena." Mimi ninachora. Wenzetu wakifika wananikuta nachonga penseli, na yeye amekaa mbele ya kurasa.

Kurasa zote ishirini na nne nimezichora mimi. Na mimi ndiye niliyezichana.

Nilifanya hivyo palepale, saa saba na nusu, kwenye meza yangu. Karatasi ile ni nene kama jalada la daftari kubwa, nilichana mojamoja na vidole bado vinaniuma, huu hapa mkwaruzo. Mjomba hawezi kuchana hata bahasha. Mpeni bahasha muone. Nilichana kwa sababu Kindi wangu alikuwa ameharibika, na nilifundishwa kwamba ulichochora kikiharibika unachana mwenyewe. Kisha nikatupa kwenye kapu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Sisi wawili tuna kapu moja tangu nilipoanza kazi, na kapu hilo liko chini ya meza yake. Sikuwaza kabisa. Nilitupa pale ninapotupa siku zote, nikachukua pochi, nikaenda zangu duka la dawa kama mtu asiye na kosa.

Alipoona vile vipande vinne alijua ni nani. Hakuna mwingine wa kuchana hivyo. Alinikinga, na pia alijikinga, maana mtu aliyechana kurasa kwa hasira bado ni mchoraji. Anaona afadhali aitwe mhalifu kuliko aitwe mzee aliyekwisha.

Najua kwa kusema haya nimemuuza. Kindi anaweza kumponyoka leo hii, na kosa ni langu. Nampenda mjomba kuliko ninavyompenda Kindi, na naogopa hatanisemesha tena. Asiponisemesha basi, lakini atanuna akiwa kitandani kwake, si sakafuni kwenu. Kuhusu Bosi sina la kuongeza, ila mkipata nafasi mwulizeni nani alimruhusu kuandika juu ya karatasi za watu.

Niliyokuja kuyasema yameisha hapo. Nimesomewa, ni maneno yangu, sikutishwa wala kuahidiwa kitu, na nimetia saini kwa mkono wangu mwenyewe.

(Saini ya shahidi)

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Nimemaliza saa tano na dakika ishirini. Shahidi ameelezwa kwamba aliyoyasema yanamgusa mwenyewe na kwamba atachukuliwa maelezo ya onyo. Amesema anaelewa, ameuliza kama atapewa maji.

Nilimpa karatasi na penseli ya ofisi, nikamtaka achore. Alichora kindi anayegeuka kumtazama mtu, na kiputo kitupu juu yake, kwa muda usiozidi dakika mbili. Mchoro umeambatanishwa kama kielelezo.

Mtuhumiwa alitolewa mahabusu saa tano na nusu. Nilimpa bahasha aichane, akashindwa, ikaanguka. Nilimwonyesha mchoro nikamwuliza kama anamtambua aliyeuchora. Alimtazama mpwa wake, kisha akautazama tena mchoro. Akasema, "Mkia juu kidogo." Shahidi alilia. Nikampa shahidi penseli, akaurekebisha.

Katika maelezo ya mtuhumiwa ya tarehe 12 nimefuta maneno "hajui kusoma wala kuandika". Badala yake nimeandika: "Anajua. Mkono umekataa."

(Saini ya ofisa)