Jenerali Jukwaani

New York,
Machi 1954

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama naye mpe shikamoo yake. Mimi mzima, kikohozi cha Januari kimeniacha, na zile soseji za Mama zilifika salama, ingawa mwenye nyumba wangu alizinusa tangu mlangoni akaomba aonje. Alionja, Baba, mpaka nikaogopa hatabakiza. Goti lako linaendeleaje? Na dada Carmela bado anajaza majirani sebuleni kila Jumamosi, au Mama ameshachoka kuwapikia kahawa?

Barua yako niliipata Jumanne. Umesema bila kuzunguka kwamba tangu nipate kazi kwenye kipindi cha televisheni cha Bwana Farnham hamjaiona sura yangu hata siku moja. Kwamba kidole cha Carmela kimechoka kuonyesha kila mtu anayepita kwenye kioo. Kwamba Don Saverio kinyozi ameuliza mbele ya watu kama kazi yangu ni kufagia. Na kwamba nikija Pasaka nije na mizigo yangu yote, maana binamu Pasquale amenipatia nafasi kwenye ghala la majokofu. Najua ilivyokuuma kuliandika neno hilo, jokofu, wewe uliyewapelekea watu barafu majumbani tangu uliposhuka melini hadi majokofu yalipoiua kazi hiyo. Kwa hiyo sikudharau. Ila nisikilize kwanza habari za Jumamosi, kwa sababu mlichokiona ninyi huko Utica ni upande wa mbele tu.

Mgeni wetu alikuwa Bi. Adelina Strand, yule mwimbaji wa opera. Wiki nzima ya mazoezi alituita sote "wapenzi wangu" na hakulijua jina la mtu hata mmoja. Kichekesho chenyewe kilikuwa chepesi: yeye ni malkia, anamwimbia farasi wake wimbo wa huzuni, wimbo ukiisha, Bwana Farnham anaingia akiwa amevaa mavazi ya chuma kama askari wa zamani, anapanda farasi, farasi anaketi, watu wanacheka, pazia linafungwa.

Farasi huyo, kama unavyojua, ni ngozi yenye watu wawili ndani. Wa mbele ni Irving Malkin, Myahudi wa Brooklyn, mwembamba na mwenye maneno mengi. Yeye huona kidogo kupitia tundu la shingoni. Wa nyuma huinama na kushika mkanda wa Irving, na haoni kitu isipokuwa suruali ya Irving. Wakishaingia, fundi wa mavazi huwafunga kamba tumboni, na kuzifungua ni kazi. Ndiyo maana mwisho wa kipindi, wengine wote wakitoka mbele kuwainamia watazamaji pamoja na mgeni, farasi huwa amesimama kando, hajavuliwa.

Basi, Bi. Strand akaimba, akamaliza, na Bwana Farnham hakutokea. Kofia yake ya chuma ilikuwa imekwama shingoni, na huku nyuma ya pazia wanaume wawili walikuwa wanaivuta, yeye akiwatukana kwa sauti iliyotoka humo kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Kipindi chetu kinakwenda hewani palepale, Baba. Hakuna cha kurudia. Msimamizi wa jukwaa akaanza kuachanisha mikono kama Mama akivuta unga wa tambi, na hapa kwetu ishara hiyo ina maana moja: refusha, fanya lolote, usiwaache watazamaji na ukimya. Malkia wetu alisimama mdomo wazi. Nje ya wimbo hakuwa na kitu. Irving akanong'ona kuelekea tumboni, "Kaka, malkia wetu kaganda! Fanya kitu, la sivyo Jumatatu tunauza magazeti."

Wa nyuma akafanya. Mguu wa kushoto ukainuka, ukatikiswa, ukarudi chini. Halafu farasi akamwegemea malkia, taratibu, kwa uzito wote, hadi Bi. Strand akaanza kusukumwa jukwaani hatua kwa hatua. Alipomwambia "Sogea wewe!" farasi akasogea upande uleule. Mwisho akaketi juu ya gauni lake, akakataa kuondoka. Bi. Strand akacheka, kicheko kikubwa cha jikoni, mpaka machozi yakamharibia rangi za usoni. Bwana Farnham alipotokea hatimaye, kofia ikiwa bado kichwani, hakuna aliyemjali.

Baada ya kipindi mkubwa wetu, Bwana Sherwin, alimwita yule mtu wa nyuma ofisini. Alimwambia kwamba mtu mwenye kichwa kama hicho hafai kufichwa; kuanzia Aprili atakuwa mhudumu wa hotelini, wa kumwagiwa supu usoni na Bwana Farnham, tena na maneno ya kusema. Farasi atapewa mwingine. Alimtaka ajibu kufikia Ijumaa.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Pembeni kabisa, kama jambo lisilo na maana, umeandika kwamba kitu pekee cha maana kwenye kipindi hicho ni yule farasi. Kwamba alimwegemea yule mama hasa kama Jenerali, farasi wako wa barafu, alivyokuwa akiwaegemea wateja kwenye kilima cha kanisani, akakaa kama yeye, hata ule mguu wa kushoto. Kwamba ulicheka Mama akakuletea maji. Ukamalizia: "Huyo wa nyuma, yeyote awaye, anaijua kazi yake. Baba yake ana bahati."

Carmela ameongeza chini kwamba tangu siku walipokuja kumchukua Jenerali hajakusikia ukicheka hivyo. Niliposoma hapo nililia, Baba, kwenye ngazi, mwenye nyumba akiniangalia.

Ni mimi. Mtu wa nyuma ni mimi, tangu siku ya kwanza. Niliona haya kuandika. Nani anamwambia baba yake kwamba amekuja New York kuwa makalio ya farasi? Lakini utoto wangu wote nilikaa kwenye mkokoteni wako wa barafu nikitazama mgongo wa Jenerali. Kila alichofanya ninakijua.

Jana nilimjibu Bwana Sherwin kwamba ninabaki ndani ya farasi. Alidhani namtania. Mtu wa kumwagiwa supu hakosekani mji huu, lakini Jenerali hapa anajulikana na mimi peke yangu. Kwa hiyo Pasaka nitakuja na mfuko mmoja tu, kula na kurudi, na Pasquale mwambie nashukuru kwa moyo wote. Ukikasirika nitaelewa. Ila Don Saverio mwambie kweli.

Nisalimie Mama, Carmela na wote wanaokunywa kahawa yetu. Jumamosi mtazame farasi. Kabla ya kuketi atagonga chini ukwato wa nyuma wa kushoto, mara mbili, kama Jenerali alivyofanya kila asubuhi alipokuona unakuja na mkate wake. Hiyo ni shikamoo yangu.

Mwanao,
Nunzio Caldarone,
miguu ya nyuma