Mgonjwa Haachwi Peke Yake

Dada yangu Agata,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nikikuuliza ya kwako, atakayenijibu ni nani? Basi nakupa ya kwangu. Mimi mzima. Mama mzima, ila magoti yanamsumbua akipanda mlima. Mihogo imekubali. Samaki mmoja wa Bibi wa Kidachi anaumwa, yule mweusi mwenye macho ya kutoka nje, uliyemwita Karani kwa sababu hamtazami mtu usoni.

Najua marehemu hasomi. Na wewe hata ulipokuwa hai hukutaka kusoma; ulisema herufi zangu za misheni ni nyayo za kuku zilizopita kwenye majivu. Nyayo za kuku ndizo nilizo nazo, dada. Utavumilia.

Unakumbuka siku samaki hao walipofika? Walikuja na gari la moshi kutoka Dar es Salaam, ndani ya kopo la maziwa, na Bibi, yule mama wa Kidachi kutoka Ujerumani tuliyemfanyia kazi, amelipakata kopo lile kama mtoto mchanga. Mumewe, bwana wa reli, alitembea nyuma akimfunika kwa mwavuli. Tukachungulia. Wekundu kama makaa, wengine rangi ya embe bivu. Nikamuuliza Bibi kwa adabu zote kama ni wa kukaanga au wa kupika na nazi. Alikaribia kulia. "Hapana kula! Tazama tu!" Wewe ulicheka mpaka ukaegemea nguzo ya baraza, na jioni ukamwambia mama kwamba Wadachi wana samaki wa kutazama, na mama akasema basi na mboga yao ya leo wataitazama.

Tangi lao la kioo likawekwa barazani, upande wa mlima, na wewe ukapewa kazi ya kuwatunza. Nilidhani utaikataa. Lakini kesho yake tu nilikukuta umeteka maji ya kijito, umeyaacha kwenye debe juani, unayaonja kwa kidole. Nikakuuliza unapika nini.

"Maji ya Uluguru yana hasira," ulinijibu. "Yaache kwanza yatulie ndiyo uwape wageni."

Ndivyo ulivyokuwa. Kitu kikishaingia mikononi mwako, kilikuwa cha kwetu.

Mwekundu mwenye mkia mrefu ulimpa jina la Mwali. Ulisema anakaa ndani, haoni jua, anakula vizuri, hafanyi kazi, ngozi inang'aa. Kama si mwali ni nani? Na kadogo kalikokuwa kakimfuata kila anakokwenda ukakaita Mdogo Wake. Ulivyokaita ulinitazama mimi, nami nikajifanya sikuona, lakini nilifurahi siku nzima. Maana nilikumbuka wewe ulipokuwa mwali mwenyewe, umewekwa ndani kwa mama huko Bigwa, na mimi ndiye niliyekuletea maji na kulala miguuni pako ili usiogope giza. Ulikuwa unaniamsha eti nikuambie nje kuna nini. Nilikuwa nakudanganya. Nilikuambia mbuzi wa jirani ameota pembe ya tatu, ukaniamini mpaka siku ulipotolewa nje kwa ngoma, ukaenda kumtafuta yule mbuzi kabla hata hujasalimia wageni.

Kisha Mwali akaugua. Ulikuwa wa kwanza kuona. Alikuwa amejibana pembeni, mapezi ameyakunja, na mwilini ana chembe nyeupe kama mtu amemnyunyizia chumvi. Ukasema, "Huyu ana ndui ya samaki." Bibi akaja akainama, akaweka miwani, akasema lile neno lililokuudhi mwezi mzima.

"Huyu gonjwa. Weka peke yake. Maji ya moto kidogo, chumvi kidogo. Peke yake!"

"Peke yake?" ulimuuliza.

"Peke yake."

Jikoni ulikuwa unapakua kwa kishindo. "Sikiliza maneno hayo! Mgonjwa unamtupa peke yake, atapona kwa furaha gani? Kwetu hata mbuzi akiumwa kuna mtu anayemkalia karibu." Na mama, alipopelekewa kesi hiyo, alikuunga mkono. Mimi pia. Nani kwetu angekupinga? Tangu tumezaliwa hatujaona mgonjwa asiye na muuguzi. Mtu akilala, kuna anayelala mlangoni pake. Hivyo ndivyo tulivyojua, na hivyo ndivyo tulivyofanya.

Ulichukua chungu kipya cha mama, kile cha udongo mwekundu, ukatia maji yaliyotulia juani, ukatia chumvi, ukamhamisha Mwali kwa kata. Halafu Bibi alipoingia chumbani kwake, ukatia kata mara ya pili. Ukamleta Mdogo Wake.

"Muuguzi wako huyo," ulimwambia Mwali. "Sasa pona."

Na kwa kweli walipendeza. Mwali amelala chini, na kale kadogo kanamzunguka, kanamgusagusa mbavuni. Ulinivuta nitazame. Ulisema, "Umeona? Anamwambia nje kuna nini."

Sitaki kuirefusha. Chembe zile zikamhamia yule mdogo. Mwili wake ulikuwa mdogo mno, haukuwa na pa kuziweka. Mwali akapata nafuu siku baada ya siku, akaanza kukunjua mkia, na Mdogo Wake akaelea ubavu asubuhi moja wakati unawabadilishia maji. Ulikaa chini pale pale kwenye saruji, kata imo mkononi, ukasema, "Nilimwita mimi. Alikuwa mzima, nikamwita."

Nilikuambia ni samaki tu. Ulinikata jicho ambalo sijalisahau. Tukamzika chini ya mpapai, nyuma ya jiko, na mama akasema siku hizi samaki wanazikwa, na Waluguru wenyewe wanakula mboga ya mlenda. Tulicheka sote watatu. Wewe ulicheka huku unalia.

Laiti yangeishia hapo.

Ndui ya watu ilipokuja na njia ya Gairo, sisi wawili hatukuwa tumechanjwa. Siku walipopita wachanjaji mama alituficha kwenye migomba, akidhani ni watu wa kodi. Simlaumu. Yeye anajilaumu vya kutosha, na nikimkuta anaongea peke yake shambani najua anaongea na nani.

Uliposhikwa na homa, na zile chembe zikaanza usoni, askari wakakuchukua kabla sijarudi kutoka kisimani. Wakakupeleka ng'ambo ya kijito, kwenye vibanda vya wagonjwa, uliko uzio wa miiba. Nilifunga mkeka wangu. Nikafunga na unga, na kitenge chako kile cha maua. Sikumwuliza mtu ruhusa. Muuguzi haombi ruhusa.

Uliniona nikishuka kijitoni. Ulikuwa umekaa nje ya kibanda, umejifunika shuka mpaka kichwani, nikakujua kwa namna ulivyokaza shingo.

"Usivuke!" ulipiga kelele.

"Nakuja kukuuguza!"

"Nimesema usivuke!"

"Mgonjwa haachwi peke yake! Wewe mwenyewe ulisema!"

Maji yalikuwa yanapita kati yetu, yale yale ya Uluguru yenye hasira. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sijui ilinifikiaje, "Mdogo Wake tulimzika wapi?"

"Chini ya mpapai."

"Basi," ukasema. Ukaingia ndani.

Dada, ulinifunga mdomo kwa samaki. Ningeweza kubishana na askari, na mama, hata na padri. Na lile "basi" lako ningebishana nalo vipi?

Kila siku nilikuja nikasimama pale pale, upande wetu wa kijito. Kulikuwa na mama mmoja mwenye makovu, aliyeugua akapona zamani, ndiye aliyekuwa anawapikia. Nilikuwa naacha chakula juu ya jiwe, yeye anakuja kukichukua. Baadaye, alipokuja kutuambia yale aliyokuja kutuambia, nilimwuliza kama ulikuwa unanitaja. Akasema kila kukicha ulikuwa unauliza, "Kaja?" Akikuambia nimekuja, ulinuna. Akikuambia bado, ulinuna zaidi.

Hatukukuosha. Hatukukuvika. Walikuzika wao, ng'ambo kule, na mimi nikalala kando ya mkeka niliokuwa nimeufunga kwa ajili yako, bila kuufungua.

Watu waliniambia, shukuru, dada yako amekuokoa. Nashukuru. Nina mwili mzima, uso hauna kovu hata moja, na kila nikijitazama kwenye kile kioo cha tangi nakukasirikia. Ndiyo, nakukasirikia. Uliamua peke yako. Siku ulipokuwa mwali sikukuuliza kama giza linaambukiza. Nilikuja na mkeka tu. Ulikuwa umejifunza kitu kikubwa kutoka kwa kiumbe kidogo, na siwezi kusema ulikosea. Hapo ndipo penye maumivu yangu. Ungekuwa umekosea ningekusamehe mapema.

Mwali yupo. Amenenepa, anazurura na mkia wake kama mke wa liwali. Bibi alitaka nimpe jina jingine la Kidachi, nikajifanya sielewi Kiswahili chake, jambo ambalo si gumu. Maji nayatuliza juani kama ulivyofanya.

Na sasa Karani. Jana nilimwona amejibana pembeni, amekunja mapezi, chembe nyeupe zimemtoka mgongoni. Bibi hakusema kitu safari hii. Alinitazama tu, akaenda zake, nadhani aliogopa kulisema lile neno mbele yangu. Nimechukua chungu kile kile cha mama. Nimetia maji yaliyotulia, chumvi kidogo, nimemhamisha kwa kata ile ile. Nimemweka peke yake. Wenzake wamebaki kwenye kioo, wazima, wala sikumwita hata mmoja.

Kisha nikaleta kigoda, nikakaa kando ya chungu. Niko hapo sasa hivi, karatasi juu ya goti. Ndui ya samaki haimpati mtu, dada. Hilo hatukulifikiria sote wawili siku ile: kwamba muuguzi angeweza kuwa wewe, au mimi, ukakaa tu karibu na maji ukamwambia mgonjwa nje kuna nini. Nimemwambia Karani kwamba wingu limeshuka mpaka kwenye migomba, na kwamba mpapai umezaa. Nimemwambia na habari za mbuzi mwenye pembe tatu. Amepanda juu kidogo kusikiliza, au ni hewa tu anatafuta.

Kwake hakuna kijito. Hakuna uzio, na hayupo wa kunikataza. Ninakaa.

Lala salama huko ng'ambo. Mkeka wako bado nimeufunga.

Ni mimi,
mdogo wako